Naomba ushauri: tarumbeta ya zamani ya Olds Ambassador inanikaba noti za juu

Wakuu habari zenu, nimepata tarumbeta Olds Ambassador, kwenye kengele (ule mdomo mpana wa mbele) imeandikwa Los Angeles kwa hiyo ni ya kabla kiwanda cha Olds hakijahamia Fullerton miaka ya 50. Noti za chini tamu mno, sauti nene na ya joto mpaka raha, ila nikivuka G iliyo juu tu ya mistari ya muziki pumzi inakwama kabisa kama kuna kitu kimeziba. Natumia mausipisi (kile kipande cha kupulizia) ya Bach saizi 7C na nikiichomeka inacheza kidogo, haikai imara, halafu bomba la kwanza, lile mausipisi inapochomekwa, lina vidoadoa vya rangi ya pinki na nasikia hiyo ni zinki inatoka kwenye shaba iliyochanganywa na zinki. Valvu ziko poa, nikichomoa slaidi (bomba la kuteleza) inatoa ule mlio wa pop, yaani hewa haivuji.

Sasa shida ni mausipisi haikai sawa, ni bomba linaoza, au ni mimi nabana midomo sana? Kuna mtu kaniambia nihamie mausipisi ya 3C, yenye kikombe kipana zaidi, lakini sidhani hiyo itasaidia noti za juu. Aliyewahi kubadilisha bomba hilo, sauti ilibaki ileile? Naipenda sana hii, sitaki kuiharibu.