Naomba ushauri: Ironman imekaribia, maji baridi yananitisha

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Niko Tanga, najiandaa na mashindano ya Ironman ya Afrika Kusini kule Gqeberha: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu kukimbia 42.2. Sijawahi kwenda umbali huu.

Baiskeli sina wasiwasi, barabara ya Muheza hadi Segera na malori yake imenikomaza. Shida ni maji. Mimi naogelea Raskazone, bahari vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Kule ni baridi, watu wanavaa ile suti ya mpira. Yangu nimeazima, nikiivaa huku najipika mwenyewe, na mabegani inabana. Mliowahi kuogelea maji baridi: niizoee huku hata kwa dakika chache, au ningoje nifike? Na kifua kikibanwa na baridi pale mwanzoni mnafanyaje?

La pili, tumbo. Jeli za dukani, zile za kutia nguvu ukiwa mbioni, zinanivuruga, ila tende na maji yenye chumvi kidogo vinatulia. Saa zote hizo juu ya baiskeli, tende zitanitosha kweli?

Kocha kasema nipunguze mazoezi, nimepunguza (kwa shingo upande). Wa kuniambia niahirishe, samahani, tiketi nimeshalipa.