Naomba ushauri: shayiri ya kimea inayoota ikiwa bado kwenye suke

Ndugu wataalamu wa mbegu, ninazalisha aina mpya ya shayiri ya safu mbili (yenye safu mbili za punje kwenye suke) kwa ajili ya kimea, nikitafuta punje zinazoota haraka na kwa pamoja zinapolowekwa. Shayiri mwitu ya Mashariki ya Kati, ambayo watu walianza kuigeuza zao miaka ipatayo 10,000 iliyopita, mbegu zake hulala, yaani hukataa kuota, kwa miezi baada ya kukomaa, lakini uteuzi wa muda mrefu umepunguza sana tabia hiyo katika shayiri inayolimwa, hivyo mvua ya wakati wa mavuno huziotesha punje shambani na kimea huharibika. Je, nirudishe sehemu ya jeni za kulala kwa mbegu kutoka shayiri mwitu, nikichavusha chotara tena na tena kwa mzazi wa kimea, au niteue ndani ya aina zilizopo? Ninachohofia zaidi ni kurithi pia suke la shayiri mwitu linalovunjika lenyewe.