Mjadala: Arusha tuendelee kupanua mitaro au kila mwenye kiwanja kule juu azuie maji yake?

Mtoa mada
Wadau wa Arusha naomba tulijadili hili kabla masika haijatukuta tena, maana kila ikifika Aprili kelele ni zile zile, mtaro mdogo, mtaro mdogo, mkandarasi anakuja anamwaga zege, mwaka unaofuata maji yanaingia ndani kwa watu wengine mita mia tatu mbele. Msimamo wangu nauweka wazi: mitaro mikubwa peke yake haitamaliza mafuriko ya mji huu na kuna sehemu inayazidisha. Anayejenga kule upande wa mlimani apewe sharti kwenye kibali cha ujenzi la kuzuia maji ya paa lake na ya uwanja wake, kwa tanki au shimo la kunyonyea maji, hana mpango huo basi kibali asipewe.

Sababu ni hii. Kilele cha Meru kina mita 4,566 na katikati ya mji ni kama 1,400, umbali wenyewe mdogo, kwa hiyo Themi, Naura, Ngarenaro na vijito vyote vinashuka kwa kasi kutoka kaskazini kwenda kusini. Zamani kule juu ilikuwa migomba na kahawa, mvua inapiga inazama. Leo ni bati na pevingi mpaka ukutani. Mainjinia wana hesabu moja wanatumia, unachukua ukubwa wa eneo, ukali wa mvua, na namba inayoonyesha ni kiasi gani cha hiyo mvua kinatiririka badala ya kuzama, unazidisha. Shamba namba yake ni 0.2 mpaka 0.3 hivi, bati na lami ni kama 0.9. Chukua mfano wa hekta 100 na mvua ya milimita 60 kwa saa, ikiwa shamba la 0.25 unapata kama mita za ujazo 4 kwa sekunde, zijae nyumba mpaka namba ifike 0.6 unapata 10. Mvua haijaongezeka hata tone, sisi ndio tumebadilisha ardhi.

Sasa njoo kwenye mtaro wenyewe, hapa ndipo watu wengi hawapaangalii. Mtaro wa zege wa upana mita 1 na kina mita 1 kwenye mteremko wa asilimia 4 unaweza kubeba kama mita za ujazo 6 kwa sekunde, maji yanakimbia zaidi ya mita 6 kila sekunde, mtu mzima akiteleza humo hasimami. Mtaro huo huo, upana ule ule, ukifika huku chini mteremko ukawa nusu asilimia unabeba 2 na kidogo. Zile nyingine unadhani zinaenda wapi? Zinatoka juu ya kingo zinaingia kwa watu. Halafu maji yakipunguza mwendo yanaangusha mchanga na tope lote la mlimani hapo hapo, kina cha mita moja kinabaki nusu. Kwa hiyo ukipanua na kulainisha mtaro juu bila kugusa chini umewafikishia watu wa chini maji yao mapema zaidi na kwa mkupuo mmoja.

Karibuni, ila tuje na hoja.

Mkazi wa Muriet
Mtoa mada nakuheshimu ila umeongea kama mtu anayeishi juu. Sisi huku tunataka mtaro, tena mkubwa, tena leo. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji hapa Arusha, watoto wakafa, au mmeshasahau? Ukiniambia nisubiri kila mtu kule juu apate kibali na atengeneze shimo lake mimi nazika mtoto. Nyumba zilizopo tayari ni nyingi kuliko zitakazojengwa, hilo sharti lako linamgusa anayejenga kesho, aliyejenga juzi na pevingi yake amekaa anakunywa chai.

Na mambo mengine hayahitaji hesabu. Pale barabara inapokatiza korongo weka daraja lililonyanyuka, siyo kalavati la bomba mbili ambazo mvua ikichanganya zinaziba kwa magogo maji yanapita juu ya barabara, dereva anaona maji ya magotini anajua ni njia ya kila siku anaingia. Hapo ndipo watu wanapofia.

Mwenye nyumba Ilboru
Mimi niko huko juu mnakokusema. Nimejenga kwa jasho langu miaka na miaka, kodi ya majengo nalipa, leo niambiwe nichimbe shimo na ninunue tanki la lita 5,000 kwa sababu kuna mtu kajenga bondeni? Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto usifanye shughuli za kudumu, nenda kaangalie pembeni ya hiyo mito mjini uniambie hizo mita 60 zipo wapi. Mto ulikuwa na nafasi yake ya kufurika, watu wameikalia. Waanze hapo.

Halafu kitaalamu hata hilo tanki halisaidii. Paa langu lina mita za mraba 100 hivi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, mvua ya milimita 50 inalijaza tanki lote. Masika inanyesha mfululizo, siku ya pili tanki limejaa na maji yanaenda mtaroni kama kawaida. Sasa tumefanya nini?

Boda wa Ngarenaro
mi naona mnaenda mbali. nashinda barabarani na mvua ikianza najua maji yatakata wapi, ni kwenye mageti. mtu ana geti lake, mbele kuna mtaro wa serikali, anaweka kibomba cha inchi nane hivi anafukia juu anamwaga zege gari lipite. jirani naye hivyo hivyo. mvua ya kwanza hiko kibomba kinameza chupa za plastiki tatu, mfuko wa takataka na tope, kwisha habari, maji yanaruka yanashika lami yanaibandua. mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 sawa lakini chupa zipo na mataka watu wanamwaga mtaroni usiku makusudi mvua iyabebe. mtaro uwe mkubwa kama bahari kama hujatoa hivo vibomba ni bure

Mtoa mada
Nijibu kwa pamoja.

Ndugu wa Muriet, sijasema tusijenge chini. Daraja kwenye korongo mimi naliunga mkono asilimia mia na ningelitanguliza hata kabla ya lami mpya popote, kwa sababu hilo ni la roho za watu, na mtaro wa barabarani na kivuko cha korongo havipimwi kwa kipimo kimoja. Mtaro wa pembeni ya barabara unaweza kuupimia mvua kubwa inayotarajiwa mara moja katika miaka 5 au 10, ukizidiwa maji yanaenea kwenye lami kwa nusu saa yanapungua. Kalavati unapimia miaka 25, daraja 50 au hata 100, maana likizidiwa linaondoka na watu. Ninachokataa ni kuambiwa mtaro mpana ndiyo suluhisho la kila kitu.

Boda umesema jambo kubwa sana na umelisema vizuri. Hicho kibomba cha getini ni kosa la ujenzi kabisa. Hata kalavati la barabara wanaojua kazi hawapendi bomba chini ya milimita 900, si kwa sababu maji ni mengi, ni kwa sababu mtu akishindwa kuingia na koleo kuzibua basi limekufa. Mbele ya geti weka mfuniko wa zege unaonyanyuka juu ya mtaro ule ule bila kuupunguza upana, unafunua unasafisha unarudisha. Hii mtendaji wa kata akiamua anaisimamia bila mradi wowote.

Mzee wangu wa Ilboru, shikamoo. La mita 60 uko sahihi na halina ubishi. La tanki kujaa nalo ni kweli kama tanki ni la kuhifadhi tu. Lakini toboa tundu la nusu inchi katikati ya tanki. Nusu ya chini ni maji yako ya matumizi, nusu ya juu inajaa wakati wa mvua kali halafu inajimwaga taratibu kupitia hilo tundu, lita kama 2,500 zinaisha kwa masaa manne hivi, mvua ya jioni ikija inakuta nafasi. Maji yatafika mtoni ndiyo, ila hayafiki yote dakika moja, na mafuriko ya huku kwetu ni suala la dakika, wingu linapasuka mlimani na muda si mrefu Ngarenaro imejaa.

Na faida unabaki nayo wewe. Sote tunajua maji ya ukanda huu yana floraidi, angalia meno ya watoto waliokulia huku yalivyo na rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima na chemchemi kuzunguka Meru zinapita hapo kwa mbali. Maji ya mvua ya kwenye bati floraidi yake ni kidogo mno. Weka gata, mvua ya kwanza iache ioshe bati vumbi liende, zinazofuata kinga za kupikia na kunywa ukishachemsha. Mtu wa Arusha kuacha hayo maji yapite getini yaende kuua watu chini wakati watoto wake wanakunywa floraidi, mimi roho inaniuma kweli.

Injinia wa barabara
Niingie na mimi maana hii ndiyo kazi yangu. Mtoa mada hesabu zako ziko sawa ila zimalizie. Kwa mfano wako maji yameongezeka kutoka 4 hadi 10, ziada ni 6 kila sekunde. Mvua ikipiga hivyo nusu saa ziada ni mita za ujazo 10,800. Kwenye hekta 100 tuseme kuna nyumba 1,000 na zote zimetii, kila moja imeshika lita 2,500, jumla ni mita za ujazo 2,500. Hiyo ni kama robo. Robo siyo ndogo, lakini ukiwaambia watu wa Muriet kwamba matanki yatawaokoa utakuwa umewadanganya.

Mashimo ya kunyonyea maji nayo angalieni mahali. Juu udongo wa volkano unanyonya vizuri, lakini kuna maeneo ya chini yana mfinyanzi mweusi, shimo linajaa na linakaa hivyo wiki nzima, na likiwa karibu na msingi ukuta unapasuka. Na juu kwenye mteremko mkali usilichimbe kwenye ukingo wa korongo.

Kinachokosekana kwenye mjadala wenu ni maeneo ya wazi. Kiwanja cha mpira cha mita 100 kwa 60 ukikishusha mita moja, ukaweka ngazi pembeni na mlango mdogo wa kutolea maji, kinashika mita za ujazo 6,000. Kipindi chote watoto wanacheza, siku ya mvua kali kinakuwa bwawa la masaa machache. Pamoja na hayo matanki tayari una 8,500. Na kwenye mitaro ya mteremko tuache kulainisha, tujenge kwa mawe na ngazi ngazi, kila maji yakianguka yanapoteza nguvu, na tope linabaki kwenye vishimo vya kuchota mchanga badala ya kwenda kulala chini. Tunajenga barabara nyingi sasa hivi, uwanja wa AFCON 2027 uko Olmoti, kila lami mpya ni ile 0.9 aliyoisema mtoa mada.

Mtoa mada
Injinia asante, hiyo ya viwanja vya mpira naichukua nzima na inaongeza nguvu kwenye hoja. Maji yazuiliwe yakiwa juu bado, kwa tanki, kwa kiwanja, kwa ngazi za mawe, kabla hayajawa mto. Nyumba zilizojengwa zamani zisilazimishwe kwa faini, mimi ningependekeza mwenye gata na tanki lenye tundu apunguziwe kodi ya majengo, hapo mzee wa Ilboru naona atanielewa.

Mama wa Unga Limited
Wanangu mmeongea vizuri ila nauliza, nani atakagua? Sisi mtaro wa mtaani kwetu ukiziba tunaambiwa huu ni wa TARURA, wale wa barabara za mitaa na vijijini, ukifika barabara kuu unaambiwa hapa ni TANROADS, wale wa barabara kuu, takataka zilizomo ni za halmashauri. Maji yenyewe hayajui hizo ofisi, yanapita tu. Tope tunalichota wenyewe na ndoo, tunaliweka pembeni ya mtaro, halizolewi, mvua inayofuata inalirudisha humo humo.

Mkazi wa Muriet
Mama umemaliza. Na mimi naongeza moja ambayo hamjaigusa, Ilboru na Moivo siyo Jiji. Ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ile ya vijijini. Kwa hiyo hata madiwani wa Jiji wakipitisha kesho asubuhi hilo sharti la kibali, kule maji yanakotoka halina nguvu. Diwani wa kule kura zake ziko kule, atawabana watu wake wanunue matanki ili mimi wa huku nisifurikiwe? Mtoa mada jibu hilo.

Mtoa mada
Hilo ndilo gumu kuliko yote na silikwepi. Ndiyo maana nasema hili lisiachwe kwenye vikao vya halmashauri moja. Mto Themi unaingia Kikuletwa, unakwenda Nyumba ya Mungu mpaka Pangani, na kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ambayo eneo lake linafunika halmashauri zote mbili, wao wanatazama mto mzima siyo mpaka wa kata. Mkoa uwaite wote, Jiji, Halmashauri ya Wilaya, TARURA, TANROADS na Bonde, sharti la kibali liwe moja kuanzia juu mpaka chini, na fedha ya kusafisha mitaro itengwe kabla ya masika, pamoja na lori la kuzoa hilo tope la mama. Bajeti za halmashauri zinaanza Julai, zinajadiliwa miezi kadhaa kabla. Wenye madiwani wa Ilboru, Moivo, Sombetini, Muriet na Unga Limited waulizeni kwenye mikutano ya mitaa kama jambo hili limo, na majibu wanayowapa yaleteni hapa.

Mwenye nyumba Ilboru
Marahaba kijana. Hiyo ya kupunguziwa kodi iandikwe kwanza, mimi tanki nitaweka. Lakini na mita 60 za mto ziandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, na wanaohamishwa walipwe.