Kisu cha bucha: springi ya gari au stenlesi?

Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Nataka visu viwili vya buchani, mhunzi anasema nichukue vya springi ya gari maana kile chuma kina kaboni kama asilimia 0.6 kinashika makali na hakivunjiki hovyo ukigonga mfupa, ila sasa kutu jamani, damu na maji kutwa nzima si itakimaliza? Dukani kuna stenlesi ya Kijerumani imeandikwa X50CrMoV15, chromu asilimia 15 hivi, kutu kwa shida sana ila bei imechangamka na wengine wanadai ni laini, kila saa uko kwenye kinoo. Mnaokata nyama kila siku mnatumia kipi? Na cha springi mnakipaka mafuta gani yasiyoharibu nyama?