Herufi "DB" kwenye difu ya Ford Model T ya 1911, tumewekewa spea ya Dodge?

FundiWaShaba:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaojua magari ya zamani. Niko Ohio, na jirani yangu mzee mmoja ana Ford Model T ya 1911 ambayo imelala bandani miaka mingi sana, sasa kila Jumamosi mimi na yeye tunaifufua. Juzi tumefungua difu (zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma), nikaosha gia moja moja kwa mafuta ya taa, na kwenye moja ikatokea herufi D na B zimegongwa, ndogo tu lakini zinasomeka. Jamaa mmoja muuza spea akamwambia mzee kwamba hiyo ni ya Dodge, mtu alichanganya vyuma huko nyuma, watupe wanunue seti mpya kwake. Mzee amekosa raha kabisa maana gari lilikuwa la baba yake na alikuwa anaamini ni zima tangu kiwandani. Mimi roho inakataa, meno ya gia bado mazuri na yamekaa pamoja kama yamezaliwa pamoja.

Swali la pili ni koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Boksi ni la mbao, lina nafasi za koili nne, mbili zinaingia zenyewe vizuri, mbili zinagoma mpaka uzilazimishe. Kuna kibati cha shaba kimechafuka sijakisoma bado. Nianzie wapi kujua nani alitengeneza nini?

GololiTano:
Mkuu MSITUPE HIYO GIA. Mwambie mzee apumue, gari lake halijachanganywa. DB ni Dodge Brothers ndiyo, ila mwaka 1911 hakukuwa na gari linaitwa Dodge duniani! John na Horace Dodge walikuwa mafundi wa Detroit wanaomtengenezea Ford, walianza naye 1903 na mkataba wa chasisi 650, yaani injini, gia boksi na ekseli, na walipewa asilimia 10 ya hisa za kampuni yake. Wakaendelea kumletea vyuma mpaka 1914, na gari lao wenyewe likatoka Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo DB kwenye difu ya 1911 ndiyo ushahidi kwamba difu ni ya asili. Anayekuambia utupe ama hajui ama anataka auze, na kwa heshima yote gia mpya ya leo haitampa mzee kile alichonacho mkononi sasa hivi.

Watu wanafikiri Ford alitengeneza kila kitu mwenyewe, hapana, miaka ile ya mwanzo alikuwa ananunua kwa watu wengi halafu anafunga pamoja. Vyuma vya kukandamizwa kama nyumba za ekseli vilitoka kwa John R. Keim kule Buffalo, kiwanda ambacho Ford alikuja kukinunua 1911. Kabureta Holley au Kingston, na hiyo Kingston ya miaka hiyo ukiifungua unakuta gololi tano ndani zinazoinuka hewa ikiingia, ndipo nilipotoa jina langu humu. Kitu kimoja kinaweza kuwa na wauzaji watatu mwaka mmoja na vyote vikawa halali.

Koili ndiyo hivyohivyo. Kulikuwa na Heinze wa Lowell, Massachusetts, Kingston wa Kokomo, Indiana, Jacobson-Brandow wa Pittsfield, baadaye wakaja K-W wa Cleveland. Hazikuwa saizi moja wala haziingiliani, mambo ya kuingiliana yalikuja walipoweka kipimo kimoja kama 1913, 1914 hivi. Hizo mbili zinazogoma nadhani ni za kampuni nyingine. Usilazimishe, utapasua boksi. Soma kibati kwanza.

Mama Spana:
Naongezea kwa FundiWaShaba. Chuma kimoja kinaweza kuwa na alama za watu zaidi ya mmoja na hapo ndipo wengi tunapotea. Kuna aliyekifua chuma chenyewe, kuna aliyekichonga na kukimalizia, kuna kiwanda cha gari, na kuna mkaguzi aliyegonga kiherufi chake kwamba kimepita. Mfano ukikuta B ndani ya pembetatu, hiyo ni Billings & Spencer wa Hartford, W ndani ya almasi ni J.H. Williams wa Brooklyn. Hao walikuwa wafua vyuma na watengeneza spana, waliuza kwa watu wengi, kwa hiyo alama yao haikuambii gari gani, inakuambia nyundo ya nani tu.

Na namba zinazoanza na T zilizosubiwa kwenye chuma ni namba za kiwandani, usizitafute kwenye kitabu cha spea cha wateja, kule wana namba nyingine kabisa. Mimi nilipoteza wiki nzima hapo. Pia tarehe ya pateni (hati ya haki ya uvumbuzi) si tarehe ya kutengenezwa, inakuambia tu kwamba hakikutengenezwa KABLA ya siku ile. Zikiwa nyingi angalia ya mwisho.

Tafadhali usipige brashi ya waya ya mashine wala kupuliza mchanga, alama iliyogongwa kidogo inafutika dakika moja na hairudi. Osha, kausha, paka unga wa chaki kwa kidole halafu futa juu taratibu, chaki inabaki kwenye mashimo ya herufi. Zima taa ya bandani, mulika tochi kutoka ubavuni, tochi ilale karibu na chuma. Utaona vitu ambavyo mchana huvioni.

KilindiniBoy:
Mambo wakuu. Mimi nko Mombasa na nimeshika injini ya Model T moja hapa, namba yake ilikuwa inaanza na C tukadhani ni makosa ya mtu wa kugonga. Kumbe ni Canada! Ford ya Canada enzi hizo ilikuwa Walkerville, Ontario na ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza kwenye makoloni ya Mwingereza, kwa hivyo zilizokuja huku kwetu nyingi ni za kule. Kwa huyo mzee wa Ohio ikitokea C au maandishi ya "Made in Canada" hapo kweli muulize maswali, lakini kwetu Pwani hiyo ndiyo asili yenyewe.

Na plagi chungeni jina Champion. Albert Champion alianza Boston 1905, akaondoka 1908 akaenda Flint kutengeneza plagi nyingine, waliobaki na jina wakahamia Toledo. Ndiyo sababu wa Flint wakaishia kuitwa AC, herufi za jina lake. Kwa hivyo tazameni mji, msitazame jina tu.

FundiWaShaba:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimerudi bandani usiku huu na chaki ya mtoto, nikazima taa kama Mama Spana alivyosema. Kibati cha boksi kimesomeka: Heinze Electric, Lowell, Mass. Koili mbili zinazoingia ni Heinze, zinazogoma zote mbili ni K-W, mtu alizitia baadaye. Kwenye difu nimepata DB ya pili, kwenye gia inayoshikana na ile ya kwanza, sehemu ambayo kwa macho ilikuwa laini kabisa. Mzee nilimuita aje kuona, akashika tochi mwenyewe akakaa pale muda mrefu haongei.

Sasa natafuta koili mbili za Heinze za boksi la mbao, hata zilizokufa, ilimradi ganda na saizi viwe sawa, za ndani nitasuka upya. Mwenye nazo ani-PM.