Safari ya wanafunzi kutoka Moshi kwenda Fort Jesus, Mombasa: naomba ushauri

Mwalimu wa Historia, Moshi

Habari zenu ndugu zangu. Ninafundisha somo la Historia katika shule ya sekondari hapa Moshi, na uongozi wa shule umeniruhusu kuandaa safari ya mafunzo ya wanafunzi wapatao 30 wa kidato cha tatu kwenda Mombasa wakati wa likizo ya Juni, ili waitembelee Fort Jesus. Wanafunzi hawa wamesoma habari za Wareno na Waomani katika pwani ya Afrika Mashariki na wanaitaja miaka bila kusita, lakini wengi wao hawajawahi kuiona bahari, na ninahofia kwamba kwao ngome hiyo ni jibu la mtihani tu. Ningependa wakirudi waweze kueleza kwa maneno yao wenyewe kwa nini watu waligombania jengo moja kwa zaidi ya miaka 200.

Naomba mnisaidie kuhusu njia na nyaraka za kuvukia mpaka, na pia kuhusu muda unaotosha ndani ya ngome na vitu ambavyo haifai kuvikosa. Kuna jambo jingine. Mzazi mmoja aliuliza kikaoni kwa nini tuvuke mpaka ilhali ngome zipo nchini kwetu, Zanzibar, Kilwa na Bagamoyo. Swali lake ni la msingi, nami nilimwahidi kwamba nitalijibu baada ya kuwasikiliza watu wanaozifahamu sehemu hizo.

Mama Neema, Himo

Mwalimu, hongera kwa wazo hili na pole kwa maandalizi. Mimi ni mfanyabiashara, mpaka wa Holili naupita mara kwa mara, kwa hiyo nitajibu upande wa barabara na kuwaachia wengine habari za ngome.

Kwa mtu anayetoka Moshi, njia ya Holili ndiyo ya kufuata. Mkishavuka mnakuwa Taveta, halafu ni lami kupitia Maktau na Mwatate hadi Voi, ambako mtaingia barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Sehemu ya njia hiyo inakatiza hifadhi ya Tsavo Magharibi, na si ajabu watoto wakawaona tembo kabla hawajaiona bahari. Baada ya Voi malori ya makontena yanayotoka bandarini ni mengi sana, hivyo mhimizeni dereva aondoke Moshi alfajiri, ili msije mkaingia Mombasa usiku. Njia ya Tanga na Horohoro ni ndefu mno kwenu, labda kama mngekuwa na shughuli Tanga kwanza.

Pale mpakani kuna kituo cha pamoja, maana yake ni kwamba wakati wa kwenda mtahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Taveta, na wakati wa kurudi mtahudumiwa upande wa Holili. Kila mwanafunzi awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Kwa kuwa wengi hawajafikisha miaka 18, kitahitajika cheti cha kuzaliwa pamoja na ridhaa ya mzazi, na uzoefu wangu unaonyesha kwamba cheti cha kuzaliwa ndicho kinachochelewesha watu. Anzeni kukusanya vyeti leo, msisubiri Mei. Beba pia barua ya mkuu wa shule yenye orodha ya majina yote, kadi za chanjo ya homa ya manjano kwa sababu zinaweza kuulizwa, na hakikisha basi lina bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka. Fedha ya Kenya badilisheni benki au katika duka halali la kubadilishia fedha, si kwa vijana wanaowafuata abiria dirishani.

Mwongoza Watalii, Njiro, Arusha

Mwalimu, nimewahi kuwapeleka wageni Mombasa, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba siku ya ngome iwe ya ngome peke yake. Shule nyingi huingia pale saa sita mchana zikitokea ufukweni, watoto wakiwa wamelowa na kuchoka, wakapiga picha juu ya mizinga na kuondoka. Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Muwe mlangoni inapofunguliwa, kwa sababu uwanja wa ndani hauna kivuli cha kutosha, na hata Juni, pamoja na upepo wa kusi, jua la saa saba linachosha. Kofia na maji ya kunywa ni lazima.

Kabla ya kuingia, waache wanafunzi wautazame ukuta kwa karibu. Ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na ngome yote imekalishwa juu ya mwamba wa aina hiyohiyo kwenye mlango wa bandari ya zamani. Ukilisogelea jiwe moja utaona mistari na vishimo vya matumbawe yaliyokuwa hai baharini. Mtoto wa Moshi aliyezoea mawe meusi ya volkano atashangaa kwamba jiwe linaweza kuwa na asili ya namna hiyo, na hapo hapo ataelewa kwamba wajenzi walitumia kilichokuwa chini ya miguu yao.

Halafu waeleze umbo lake. Wareno walianza ujenzi mwaka 1593, baada ya Waturuki chini ya Amir Ali Bey kuja mara mbili katika pwani hii miaka ya 1580 na kuwatia hofu ya kuipoteza njia ya India. Mchoro ulikuwa wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama ngome kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Kinachowahusu zaidi wanafunzi ni zile buruji nne, yaani pembe zinazochomoza nje ya ukuta. Zilipangwa ili mizinga ya buruji moja iweze kufagia ukuta wa upande wa nyingine, adui asipate mahali pa kujibanza. Wagawe wanafunzi, kundi moja lisimame kwenye buruji na jingine chini ya ukuta, kisha wajaribu kujificha. Katika dakika chache watakuwa wamekielewa kitu ambacho kwa chaki kingekuchukua kipindi kizima. Ubora huo wa ujenzi wa kijeshi wa karne ya 16 ni miongoni mwa sababu zilizoifanya UNESCO iiweke ngome hii katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Kwenye lango kuu someni maandishi ya mwaka 1635 yaliyowekwa na Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Wengi hupita bila kuyatazama, nami naona ndiyo mlango wa kuingilia habari ya Yusuf bin Hasan. Huyu alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala, kisha mwaka 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni na kuitwaa. Wareno waliirudia mwaka uliofuata baada ya yeye mwenyewe kuiacha, ndipo ukafanyika ukarabati ambao maandishi hayo yanajivunia. Wanafunzi wana umri unaokaribiana na wa kijana huyo alipokuwa Goa, na nimeona vijana wakibishana kwa dhati kama alikuwa msaliti au mkombozi.

Ndani msiikose michoro ya ukutani iliyotoka katika buruji ya San Mateo. Askari wa Kireno waliokuwa zamu walichora kwa makaa na rangi nyekundu merikebu, samaki, watu, hata kinyonga. Ukisimama mbele yake unaona mikono ya watu waliokuwa mbali na kwao na wenye muda mwingi wa kungoja. Katika makumbusho kuna pia vitu vilivyotolewa baharini kutoka katika merikebu Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa.

Mzingiro ule wa vita ndio uwe kiini cha siku yenu. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Njaa haikuwa sababu pekee ya vifo. Maradhi yaliwamaliza watu wengi kuliko risasi. Wala haikuwa vita ya Wareno na Waarabu tu, maana miongoni mwa walinzi walikuwamo Waswahili wengi, na kwa kipindi fulani waliongozwa na Bwana Daud wa Faza. Vitabu vya shule hulifupisha jambo hili hadi mstari mmoja, na mimi naliona kuwa ndilo la kuwafikirisha zaidi. Mkimaliza, pandeni Nyumba ya Waomani kwenye buruji ya San Felipe, kisha mtelemke ule ujia wa matao uliochongwa ndani ya mwamba kuelekea baharini.

Mkuu wa shule awaandikie mapema Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kuwa viingilio vya wanafunzi na vya wakazi wa Afrika Mashariki si sawa na vya wageni wa mbali. Mwongozaji chukueni mwenye kitambulisho, mkubaliane malipo kabla ya kuanza.

Mwalimu Mstaafu, Soweto, Moshi

Mwanangu Mwalimu, nimesoma yote kwa furaha, ila nataka nimtetee yule mzazi. Kilwa Kisiwani Wareno walijenga ngome mwaka 1505, karibu miaka 90 kabla ya hiyo ya Mombasa, wakaiacha mwaka 1512. Ngome iitwayo Gereza inayoonekana pale leo ni kazi ya Waomani wa baadaye. Zanzibar nako, Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa lao. Ni historia ileile, na mtoto wa Kitanzania anayeifahamu Fort Jesus bila kuifahamu Kilwa amekosa mwanzo wake. Katika mwaka huohuo wa 1505, majeshi ya Kireno ya Francisco de Almeida yaliipiga Kilwa na baada ya wiki chache yakaipiga Mombasa.

Hata hivyo sikushauri ubadilishe safari. Kilwa ni mbali mno na Moshi kwa basi la shule, na gharama zake wazazi hawataziweza. Mombasa ni jirani yetu, tena ujirani wenyewe ni wa zamani. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikitoka pwani ya Mombasa kupitia Taita na Taveta hadi kwa mangi, yaani watawala, wa Uchaggani. Mmisionari Mjerumani Rebmann naye alitokea Rabai, karibu na Mombasa, alipouona Mlima Kilimanjaro Mei 1848, akafika Kilema kwa Mangi Masaki. Basi lenu likitoka Taveta kwenda Voi litakuwa likiirudi njia hiyo, hivyo anza kufundisha humo humo garini. Kilwa wape somo kamili darasani wiki moja kabla, ukiwa na ramani.

Usimalizie historia mwaka 1698 pia. Wareno waliirudia ngome mwaka 1728 na kutolewa mwaka 1729. Wakaja Mazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, ambao Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliwashinda mwaka 1837. Waingereza nao waliifanya gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Babu wa mtoto anayeishi leo Mji wa Kale aliijua kama jela, wala si kama makumbusho.

Mwalimu wa Historia, Moshi

Shikamoo Mzee wangu, na asanteni sana nyote. Mzazi nitamjibu kama ulivyonielekeza: Kilwa itafundishwa kwa ramani kabla ya safari, na Mombasa itatembelewa kwa sababu ipo kwenye njia ambayo wazee wetu waliipita. Tutaondoka alfajiri kupitia Holili, tulale Mombasa, siku ya pili yote iwe ya ngome kuanzia saa mbili asubuhi, na jioni tupite Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu hadi msikiti wa Mandhry kabla ya kurudi siku ya tatu. Kuhusu Yusuf bin Hasan nitaandaa mdahalo ufanyike palepale langoni, chini ya yale maandishi.

Mama Neema, vyeti vya kuzaliwa nimeanza kuviulizia leo asubuhi, na tayari wanafunzi saba hawana. Kesho nitakwenda RITA, wanaotoa vyeti hivyo, na orodha yao. Ikiwa kuna mtu anayefahamu hosteli ya bei nafuu na salama kwa wasichana na wavulana karibu na Mji wa Kale, naomba anielekeze.