Mtani wangu, askari wa miguu, amepooza, nimtanie?

Mzee wa Doria (Uyole, Mbeya)
Wazee wenzangu, habari za baridi. Vijana, marahaba.

Nilikuwa mwanamaji, Kigamboni, kwenye zile boti za Kichina. Jirani yangu ni Mhehe wa Kalenga, askari wa miguu. Alivuka Mto Kagera vita vya Amin, akaingia Kampala Aprili 1979. Tangu tustaafu ananiita mvuvi: "Huyu kapigana na dagaa!" Nami humjibu kwamba daraja la Kyaka lilipolipuliwa walibaki ukingoni wakiyatazama maji kama mbuzi, hadi likajengwa la muda. Hapo huinuka, akachora mto chini kwa fimbo yake: hapa tope, hapa mzinga ulinasa, hapa fulani alinishikia bunduki.

Julai 25, Siku ya Mashujaa, hunywa chai kwangu, akawataja wenzake waliolala makaburi ya mashujaa Kaboya. Huyo wa bunduki humtaja mwisho.

Mwaka huu kiharusi kimempiga. Mkono wa kulia umelala, maneno yanakwama. Nimekwenda mara tatu, nimeongea habari za viazi tu, nikarudi na uchungu. Mliouguza, utani niuache?

Buti la Mafinga
Kamwene, mvuvi! Mtani hujilaza kaburini akazuia maziko mpaka alipwe, sembuse mgonjwa? Wahehe na Wangoni walichinjana, leo wanazikana kwa utani. Nenda kamchokoze.

Ila hilo la mbuzi nalikataa. Nilikuwepo. Mvua ya Novemba, buti zimejaa maji, na ng'ambo kuna watu wetu wametekwa. Usingizi haukuja.

Binti wa Makambako
Shikamoo baba. Marehemu baba yangu alikuwa wa mizinga, naye alipooza. Wageni walikuwa wakimuuliza mama, "Anakula? Analala?" na mwenyewe yupo pale anasikia. Kilimuumiza kuliko ugonjwa. Mzee mwenzake mmoja ndiye aliyekuwa akiingia na kupaza sauti, "Lindo limepita, amka!" Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso, na siku hiyo alimaliza uji.

Ongea naye mwenyewe. Akitafuta neno msubiri, usimmalizie. Na hiyo fimbo mpe mkono wa kushoto.

Mzee wa Doria
Marahaba mwanangu, ndaga fijo. Buti, mbuzi nimewaondoa.

Nimetoka kwake sasa hivi. Walikuwa wamemkalisha juani uani. Nikamwambia, "Wa miguu, sisi wanamaji tungeuvuka ule mto kabla ya chai." Kimya. Nikamwekea fimbo mkono wa kushoto nikangoja, nikamzuia na mkewe asimsaidie. Alichora polepole, mstari umepinda, lakini mto niliujua. Kisha akagonga kiatu changu kwa fimbo, akaielekeza ng'ambo.

Nikavua viatu, nikavuka.